Kinyozi Aliyekubaliana na Kila Kichwa

Walimwita Naam, na si kwamba alilipenda jina hilo. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa kwenye leseni aliyoitundika nyuma ya mlango wa duka lake la kunyolea, lakini kwa kuwa mlango ule ulikaa wazi mchana kutwa, leseni ilitazamana na ukuta na hakuna aliyewahi kuisoma. Naam lilitokana na neno alilolitamka kuliko mengine yote. Mteja akiketi, kinyozi alimfunga kitambaa cheupe shingoni, akawasha mashine, na kuanzia hapo lolote aliloambiwa alilijibu naam. Alikuwa na naam ya kushangaa, naam ya kusikitika, na naam moja ndefu aliyowahifadhia wateja wanaosimulia magonjwa yao.

Msije mkamwona mnafiki. Alifundishwa hivyo. Marehemu fundi wake alimwambia siku ya kwanza ya kazi kwamba kichwa kikiwa mkononi mwako usikibishie, maana kikibishiwa kitatikisika, na kikitikisika utakikata. Yalikuwa mafundisho ya usalama tu, sawa na yale ya kutobeba mkasi huku umeelekeza ncha tumboni. Lakini mtu akiyashika mafundisho ya usalama kwa miaka ishirini na miwili bila likizo, yanamwingia mwilini. Ukutani, juu ya kioo, Naam alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: AKILI NI NYWELE, KILA MTU ANA ZAKE. Ni kweli kila mtu ana zake, ila za mwenye duka zilikuwa zikifagiliwa kila jioni pamoja na za wateja.

Chukua habari za mabadiliko ya tabianchi, ambazo mwaka ule kila aliyeketi kitini alikuwa nazo. Jumatano moja, asubuhi, seremala alieleza kwamba joto limezidi kwa sababu majengo yamekuwa mazito na dunia imeinama kidogo kuelekea jua. Naam. Baada yake mwalimu mstaafu akasema hakuna kilichobadilika, watu wa siku hizi ni wavivu tu wa kutoka jasho. Naam. Saa sita akaja dereva wa lori akidai mvua zinaibwa na nchi jirani kwa mashine. Naam, tena kwa masikitiko. Alasiri, kijana mmoja wa chuo akasema baada ya miaka kumi wote tutakuwa tumeiva. Naam alimpaka poda shingoni akakubali kwamba tutakuwa tumeiva. Wote wanne walitoka wamenyolewa vizuri, na kila mmoja akiwa ameridhika kwamba mtaani kuna angalau mtu mmoja mwenye akili timamu.

Balaa lilianzia hapo hapo kwenye kuridhika kwao.

Mwenyekiti wa chama cha mtaa alihama, na mkutano ukaitishwa kumchagua mwingine. Walikutana katika darasa la shule ya chekechea, ndipo palipopatikana, watu wazima ishirini na tisa wameketi kwenye viti vya watoto huku magoti yamewafika masikioni. Uchaguzi ulichukua dakika nne. Muuza nyama, jitu la miraba minne ambalo halikuwahi kukubaliana na Mama Dawa juu ya jambo lolote, lilimpendekeza Naam. Mama Dawa, mwenye duka la dawa, mwanamke mfupi mwenye nywele fupi zaidi, akaunga mkono. Wote wawili walitazamana kwa mshangao. Kila mmoja alikuwa na yakini kwamba Naam ni mtu wake, kwani si alimwambia mwenyewe, pale kitini?

Ajenda ya pili ndiyo iliyokuwa na meno. Mvua zilizopita, maji yaliingia katika maduka sita na kuyaharibu magodoro ya muuza magodoro hadi yakawa hayafai hata kwa mbwa. Mama Dawa akataka mtaro wa mtaa upanuliwe kabla ya mvua zijazo. Kuupanua maana yake ni kuvunja vibaraza vya mbele ya maduka, kwa sababu wenye maduka, mmoja baada ya mwingine, walikuwa wamevijenga juu ya mtaro. Alisema tabianchi imebadilika na mwisho wa dunia ni mwezi wa tatu. Muuza nyama akajibu kwamba hali ya hewa ni ileile ya babu zetu, mafuriko yalikuwepo na yatakuwepo, na atakayegusa kibaraza chake ajiandae kupimana naye nguvu. Wakapiga kura. Kumi na wanne wakataka mtaro, kumi na wanne wakataka vibaraza, na macho ishirini na nane mara mbili yakamgeukia mwenyekiti mpya, yote kwa uhakika kamili.

Naam alifungua kinywa. Kwa mara ya kwanza maishani mwake mbele yake palikuwa na vichwa viwili vinavyopingana kwa wakati mmoja, na naam ilikuwa moja. Akasema mvua haijafika, atatoa kura yake Jumapili ijayo. Kisha akanyanyuka haraka, na kiti cha mtoto kikanyanyuka naye, kikaenda naye hadi mlangoni.

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Wale ishirini na nane ndio waliokuwa riziki yake. Akichagua huku, nusu ya vichwa vya mtaa vitakwenda kwa kinyozi mwingine. Akichagua kule, vitakwenda nusu nyingine. Na kibaraza chake mwenyewe kilikuwemo kwenye hesabu. Alikimwagia saruji kwa mikono yake mwaka aliofungua duka, akakiwekea benchi, na hapo ndipo wateja walipoketi kusubiri zamu, kusoma magazeti ya mwezi uliopita na kumsengenya aliyemo ndani. Kinyozi bila kibaraza ni kinyozi wa wapita njia.

Jioni alimweleza mkewe, ambaye ni muuguzi katika kliniki ya watoto. Mkewe alimsikiliza hadi mwisho huku akichambua maharage, kisha akamuuliza yeye mwenyewe anaonaje.

"Nilitaka nikusikilize wewe kwanza," Naam akasema.

Mkewe akaweka ungo chini. Alimwambia kwamba kila siku kina mama humletea watoto wakisema mtoto ana homa kali, na yeye huwauliza swali moja tu: umejuaje? Mmoja atasema amemgusa paji la uso. Mwingine atasema jirani kamwambia. Wa tatu atasema kaota. Yeye hambishii yeyote, anachukua kipimajoto. Wakati mwingine mama aliyeota ndiye aliyepatia, na wakati mwingine aliyegusa paji alikuwa ametoka kushika sufuria ya moto. Lakini bila kuuliza utajuaje nani ni nani?

"Kawaulize, mume wangu," akasema. "Umejuaje. Maneno mengine yote utayapata humo."

Basi kesho yake Naam akaanza kuuliza, na hakuna aliyemwambia kwamba swali hilo, likiulizwa na mtu aliyeshika wembe karibu na koo lako, halisikiki kama swali la kliniki. Seremala ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alikuwa ameinua kidevu, povu limemjaa shingoni, akiwa katikati ya habari za dunia kuinama, Naam aliposimamisha wembe na kumuuliza kwa upole amejuaje. Seremala aliganda. Akasema kwa sauti ndogo kwamba aliambiwa na kaka yake. Na kaka amejuaje? Kaka alisikia kwenye redio ya basi. Redio ilisemaje? Seremala akakiri kwamba kaka alishuka kabla kipindi hakijaisha, na kwamba kuinama wameongeza wenyewe ili habari ikae vizuri. Alipotoka alimshukuru Naam mara tatu na kusahau kofia.

Dereva wa lori alionyesha ujumbe kwenye simu yake, uliotumwa na mtu aliyetumiwa na mtu. Mwalimu mstaafu alisema yeye ni mwalimu, akadhani hilo ni jibu. Kijana wa chuo, ambaye hakuwa na ndevu za kunyoa na hivyo hakutishika sana, alisema kwa kweli alisoma kichwa cha habari tu, kwa kuwa makala yenyewe ilikuwa ndefu.

Alhamisi akaja muuza nyama. Naam alimnyoa pande zote mbili kwanza, kwa busara, ndipo akamuuliza amejuaje kwamba hali ya hewa ni ileile ya babu zetu. Muuza nyama akasema anakumbuka. Akaulizwa anakumbuka nini hasa. Akasema anakumbuka mvua moja kubwa sana alipokuwa mdogo, maji yalimfika kiunoni. Akaulizwa alikuwa na umri gani. Akafikiri. Alikuwa na miaka minne. Wote wawili wakatazama kwenye kioo, wakakadiria kiuno cha mtoto wa miaka minne kiko wapi.

Kwa Mama Dawa hali haikuwa bora, na Naam alisikitika maana alitegemea kwamba mwanamke anayeuza dawa kwa kupima miligramu atakuwa na jibu la kupimwa. Mwisho wa dunia wa mwezi wa tatu aliupata kwenye video. Mafuriko ya mtaani kayajuaje kwamba ni ya tabianchi? Kila mtu anasema, na zaidi ya hapo maji yenyewe yalianza kuingia madukani miaka miwili tu iliyopita. Naam akauliza miaka miwili iliyopita kulitokea nini. Mama Dawa akasema, kwa kusitasita, kwamba ndio mwaka aliomwagia saruji ua wake wote wa nyuma ili kupaki pikipiki za kupeleka dawa. Kabla ya hapo palikuwa na udongo na majani, na maji yalizama huko.

Kufikia Ijumaa Naam alikuwa amechanganyikiwa kuliko alivyoanza. Alidhani akiuliza atampata mkweli na mwongo, amfuate mkweli. Badala yake alipata watu wazuri waliobeba maneno wasiyojua waliyaokota wapi. Na kitu kilichomkera zaidi ni kwamba huenda mmoja wao alikuwa amepatia, ila hakujua kwa nini.

Ndipo alipogundua kwamba anao ushahidi wake mwenyewe.

Kila mwaka, siku ya kukumbuka kufunguliwa kwa duka, wateja wote walisimama kwenye kibaraza wakapigwa picha, na picha hizo, ishirini na mbili, zilipangwa ukutani kuanzia mlangoni hadi kwenye ndoo ya taka. Naam alikuwa amezifuta vumbi maelfu ya mara bila kuziangalia. Ijumaa hiyo aliziangalia. Katika picha ya kwanza kulikuwa na vipara vitatu. Katika ya kumi, tisa. Katika ya mwisho, kumi na saba. Alipanda juu ya benchi akahesabu upya, akitia alama kwa kalamu ya nyusi, na jibu likawa lilelile. Watu walikuwa wakinyoa vipara zaidi mwaka hadi mwaka. Kwa nini mtu anyoe kipara kama si kwa joto? Hakuambiwa na kaka, hakuletewa kwenye simu; ameona kwa macho yake, tena kwa miaka ishirini na miwili. Alifunga duka mapema, akabeba picha zote kwenye kapu, akaenda moja kwa moja kliniki.

Mkewe alizipanga kwenye kitanda cha kupimia watoto, akazitazama moja moja. Akamuuliza huyu ni nani. Naam akasema ni muuza magodoro. Na huyu mwenye nywele nyingi kwenye picha ya kwanza? Naam akasogea. Huyo pia alikuwa muuza magodoro. Na hawa watatu, na huyu, na huyu aliyekuwa na nywele za kufungia kamba?

"Mume wangu," mkewe akasema taratibu, "hawa ni walewale. Wamezeeka."

Naam aliketi kwenye kiti cha kusubiria, kati ya mama mwenye pacha na mama mwenye kikohozi. Ni kosa ambalo kinyozi peke yake angeweza kulifanya, na kwa sababu hiyo lilimwuma sana. Hakukata tamaa mara moja. Aliomba ahesabu vijana peke yao, wale wasiofika miaka thelathini katika kila picha, na akahesabu, na vipara vya vijana vilikuwa viwili mwaka wa kwanza na viwili mwaka wa mwisho. Mkewe hakucheka, ingawa mama mwenye pacha alicheka hadi pacha mmoja akaamka. Mkewe alimwambia tu kwamba kuna watu wengi waliosoma sana ambao wasingefika kwenye hatua ya kuhesabu vijana peke yao. Hilo lilimtia moyo kidogo, akarudi na kapu lake.

Jumamosi, kama ilivyokuwa kila Jumamosi ya pili, alikuja mteja mmoja mwembamba asiyezungumza. Miaka kumi na miwili alikuwa akija, akiketi, akinyolewa, akiondoka. Naam alijua kwamba anafanya kazi kituo cha hali ya hewa, kule kwenye uzio wenye vibanda vyeupe, na hakuwahi kumuuliza kitu kwa sababu yule hakuwahi kusema kitu cha kukubaliwa. Siku hiyo Naam alimnyoa upande wa kushoto, akazima mashine, akamuuliza kama ni kweli tabianchi inabadilika.

Yule mtu akasema ndiyo.

Naam akamwuliza amejuaje. Yule mtu hakushtuka, wala hakutazama wembe. Alionekana kana kwamba alikuwa akilisubiri swali hilo miaka kumi na miwili. Akasema yeye kila siku saa tatu asubuhi husoma kipimo cha mvua na vipimajoto na kuandika, na aliyekuwepo kabla yake alifanya hivyo miaka kumi na tisa. Watu wa kazi hiyo wako kila mahali duniani, hawajuani, na wengine wakijuana hawapendani, lakini vipimo vyao vya joto vikiwekwa pamoja kwa miaka mingi vinapanda. Wengine wamepima hewa yenyewe na kuona kwamba gesi inayotoka kwenye mafuta na makaa tunayochoma ndiyo inayolizuia joto lisitoke. Kwenye kituo chake mwenyewe, akasema, mvua ya mwaka haijazidi sana, ila inakuja kwa siku chache na kwa kishindo.

"Basi mafuriko yetu ni ya tabianchi," Naam akasema, kwa furaha ya mtu aliyefika nyumbani.

"Sijui," yule mtu akajibu.

Naam alidhani hakusikia vizuri. Katika wiki nzima hakuna aliyekuwa amemwambia neno hilo.

"Mtaa wenu sijaupima," yule mtu akaendelea. "Mvua ya kishindo inaweza kuwa sababu moja. Saruji inaweza kuwa ya pili. Mtaro wenu una upana gani?"

Hakuna aliyejua. Basi wakatoka, Naam na utepe wa mkewe wa kupimia watoto, uliosahaulika mfukoni mwake tangu kliniki, na msoma vipimo akiwa amenyolewa nusu, kitambaa cheupe kikining'inia shingoni, wakalala kifudifudi barabarani na kuchungulia chini ya vibaraza kimoja baada ya kingine. Watu walijaa. Kuna aliyeuliza kama kinyozi amepoteza sikio la mteja. Chini ya duka la dawa mtaro ulikuwa na upana wa sentimita themanini. Chini ya bucha, sabini. Wakaendelea hadi wakafika walikoanzia, na chini ya kibaraza cha duka la kunyolea, pale ambapo kinyozi kijana asiyejua ujenzi alikuwa amemwaga saruji kwa mikono yake na kwa upendo wote, mtaro ulikuwa na upana wa sentimita thelathini na moja.

Naam alipima tena. Alikunja utepe, akaukunjua, akapima mara ya tatu, akaja na thelathini. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na kwa muda aliolala pale chini alitamani kwa moyo wake wote kuwa upande wa babu zetu. Aliona wazi kwamba maneno ya muuza nyama yalikuwa yamemkalia vizuri wiki nzima, na sasa alijua kwa nini. Alinyanyuka, akampangusa vumbi mteja wake, akamalizia upande wa kulia.

Jumapili darasa la chekechea lilifurika. Naam alikataa kuketi, kwa ajili ya kile kiti. Aliweka karatasi ya vipimo juu ya meza ya mwalimu.

"Nimekuwa nikiwakubalia wote," akasema. "Hilo si kukubali. Nawaomba radhi."

Halafu akawaeleza. Akasema dunia inapata joto na ni sisi wanadamu tunaolisababisha, na akasema amejuaje, na ni nani aliyepima, na kwamba hao waliopima hawana kibaraza mtaani hapa. Akasema mwisho wa dunia wa mwezi wa tatu haukupimwa na mtu. Akasema kama mafuriko ya mtaa yametokana na tabianchi, au na ua wa Mama Dawa, au na vyote viwili, hajui kwa kiasi gani, ila maji yakija yanahitaji mahali pa kupita, na mahali penye mkwamo mkubwa kuliko pote ni chini ya duka lake yeye. Akasoma vipimo, vyote, hadi thelathini na moja. Kura yake ni mtaro.

Wale kumi na wanne wa vibaraza wakaguna. Ajabu ni kwamba wale kumi na wanne wa mtaro nao hawakufurahi, kwani walishinda lakini wamenyang'anywa mwisho wa dunia, na Mama Dawa alitoka amenuna kwa sababu ua wake ulitajwa hadharani. Muuza nyama alisimama mbele ya Naam, akamtazama kutoka juu, akamwambia kwamba alimchagua yeye kwa sababu alidhani ni rafiki. Naam angependelea kupigwa.

Kibaraza chake ndicho kilichovunjwa kwanza, na nyundo alishika mwenyewe. Jumamosi mbili watu walichimba, wengine kwa bidii, wengine kwa kununa, hadi mtaro ukawa na upana wa mita moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Mbele ya duka akaweka ubao wa kuvukia. Benchi aliliingiza ndani, nalo likakaa tupu.

Alivyoogopa ndivyo ikawa: wateja wa pande zote mbili, kila mmoja na kinyongo chake, wakahama. Wiki nzima alinyoa wapita njia na kijana wa chuo, ambaye sasa alikuwa amesoma makala mbili hadi mwisho na akawa anataka kuzijadili zote. Naam aliumia, tena sana. Alipaka mafuta mashine isiyohitaji mafuta. Alichemsha taulo kisha akazitazama zikipoa. Mkewe alimuuliza kama anajuta, naye akafikiri kabla ya kujibu, jambo ambalo mkewe alikuwa bado hajalizoea. Akasema kibaraza anakijutia. Kura hapana.

Katika wiki ya nne, mchana, ubao wa mlangoni ulilia chini ya uzito mkubwa. Muuza nyama aliingia. Kichwani, mtu fulani wa mtaa wa pili alikuwa amemfanyia jambo la kusikitisha: upande mmoja ulikuwa juu, mwingine chini, na kisogoni palikuwa na kitu mfano wa ngazi. Hakusalimia. Aliketi kitini. Naam akamfunga kitambaa, akampulizia maji, akawasha mashine.

"Mimi bado nasema hali ya hewa ni ileile," muuza nyama akasema.

Ile naam iliinuka yenyewe kooni, kwa mazoea ya miaka ishirini na miwili. Kinyozi alizima mashine, akaiweka mezani na kusogea hatua moja nyuma, kichwa kile kisije kikatikisika karibu na chuma.

"Nadhani umekosea," akasema.

Kichwa kilitikisika kweli. Muuza nyama akamkodolea macho kwenye kioo. Akauliza itakuwaje mvua ikija ndogo, mtaro ukabaki mtupu, vibaraza vimekwenda bure. Naam akamjibu kwamba mwaka mmoja mtupu hautamwambia kitu, wala mwaka mmoja wa mafuriko. Lakini miaka ikipita na vipimo vikaonyesha kwamba yeye ndiye aliyekosea, atamwambia mwenyewe, hapa hapa kitini, kabla hajaulizwa.

Mkono mmoja ulitoka chini ya kitambaa ukapapasa ile ngazi ya kisogoni.

"Yale mengine," akasema hatimaye, "miaka yote hii. Nilipokwambia nimegombana na shemeji yangu kwa haki. Nilipokwambia mwanangu asisomee uchoraji. Ulikuwa unanikubalia kweli?"

Naam alimtazama kwenye kioo. Angeweza kusema neno moja tu, na mteja wake mkubwa kuliko wote angerudi kwake moja kwa moja.

"Mengine kweli," akasema. "Hayo mawili hapana."

Muuza nyama akavuta pumzi, mabega yakashuka chini ya kitambaa. Miaka sita alikuwa hajasemezana na shemeji yake, na mwanawe alikuwa buchani wakati huo, akikata mifupa asiyoipenda.

"Yako mengi?"

"Yako."

"Basi ninyoe," muuza nyama akasema, akainamisha kichwa. "Na hayo mengine uniambie polepole. Usiniambie yote leo."